Anzia kwenye beseni la mteja: kupanga bidhaa mpya Dar es Salaam

Wengi wetu tunaotengeneza vitu vidogo vidogo hapa mjini tulianza kwa njia moja. Tulihudhuria mafunzo ya siku mbili tatu, tukafundishwa kutengeneza sabuni ya maji, batiki, mishumaa au siagi ya karanga, tukarudi nyumbani na daftari la vipimo, tukatengeneza, tukapakia, ndipo tukaanza kutafuta wa kumuuzia. Mimi nilifanya hivyo na sabuni ya maji. Pipa langu la kwanza lilikuwa na harufu ya limau, rangi ya kijani iliyokolea na povu la kufurika beseni. Majirani walinunua chupa moja moja kwa kuwa ni majirani. Hawakurudi.

Kilichobadilisha kazi yangu ni kukaa mchana mmoja na mama lishe anayeosha sahani. Nilijifunza mengi kuliko yote yaliyokuwa kwenye daftari langu la mafunzo, na tangu siku hiyo sipimi hata gramu moja ya malighafi kabla sijajua inakwenda kumsaidia nani kufanya nini. Hapa naandika hatua ninazofuata. Mfano wangu utakuwa sabuni mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Wewe weka unga, viatu, makochi au programu ya simu, hatua zinabaki zilezile.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja mwenye kazi moja

Muulize mtengenezaji yeyote wa sabuni mteja wake ni nani, atakwambia, "Kila mtu anaosha vyombo." Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ukiitazama namba hiyo huku una pipa la sabuni, tamaa inakujia yenyewe. Lakini dada anayeishi Tabata mwenye bomba ndani anaosha sahani sita na vikombe. Kijana wa hoteli ya Posta anaosha kwenye sinki lenye maji ya moto. Mama lishe wa karibu na soko la Buguruni ana mabeseni mawili chini, maji ya dumu, na sahani hamsini zenye mafuta ya pilau ambazo zinatakiwa mezani sasa hivi kwa sababu wateja wamesimama. Ukimtengenezea mmoja wa hawa watatu sabuni inayomfaa kabisa, wawili waliobaki huenda isiwafae. Kubali hilo mapema.

Andika sentensi moja yenye mtu, kazi, mahali na saa. Yangu ilikuwa hivi: "Mama lishe anayeosha sahani za chakula cha mchana, nje, kwa maji ya kununua, kati ya saa sita na saa tisa." Ukiisoma sentensi yako ukashindwa kumwona huyo mtu alivyokaa na anashika nini mkononi, bado hujachagua. Endelea kupunguza.

Hatua ya 2: Nenda saa ya kazi, ukae

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mteja anaijua shida yake, lakini ameizoea mno kiasi kwamba hawezi kukuhadithia. Ukimkuta saa kumi jioni amepumzika atakuelezea kazi yake kama inavyotakiwa iwe. Ukimkuta saa saba mchana, jua la utosi, utaiona kama ilivyo.

Usiende na fomu wala fulana yenye nembo. Nenda na njaa. Agiza chakula, lipa, kula, rudi kesho yake, na siku ya tatu ndipo useme shida yako: "Mama shikamoo, mimi natengeneza sabuni, naomba nikae hapa nikusaidie kuosha, nijifunze." Kwa uzoefu wangu, anayekuja kuosha vyombo hafukuzwi. Mimi niliosha kwa siku nne, kwenye vibanda viwili tofauti. Ukiosha mwenyewe mgongo wako ndio utakaokueleza mambo ambayo macho hayaoni: kwamba beseni liko chini mno, kwamba mkono wenye mafuta haushiki chupa ya duara, kwamba maji ya suuza yakichafuka unaanza kuhesabu dumu lililobaki.

Angalia vitu vitatu. Kwanza, mkono unasimama wapi. Kila mahali kazi inapokwama kwa sekunde chache, andika. Pili, kinachomwagika au kutupwa. Tatu, na hili ni kubwa, kile ambacho mteja ametengeneza mwenyewe kwa sababu hakukipata dukani.

Hili la tatu lina historia ndefu hapa pwani. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Waswahili walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vya kufutia jasho, wanaviunganisha kwa kushona mpaka wanapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona kinachofanyika wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kizima, na ndiyo kanga tunayovaa leo. Jina leso lenyewe limebaki Mombasa mpaka sasa. Wale wanawake hawakujaza dodoso lolote. Sindano na uzi wao vilitosha kueleza haja yao kwa aliyekuwa na macho.

Mfano wa karibu zaidi ni M-Pesa. Majaribio yake yalipofanyika Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Wahusika waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007 ilijengwa juu ya jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Tafakari kama wangelichukulia lile la kutumiana kuwa ni matumizi mabaya na kuwakataza watu.

Kwenye beseni la Buguruni niliona hivi. Mama alikuwa na chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha, amejaza sabuni, na kifuniko amekitoboa kwa msumari wa moto, tundu moja dogo. Akiikamua inatoka michirizi miwili mitatu, basi. Nilimuuliza kwa nini. "Msichana wangu akiachiwa chupa wazi anamimina kama anamwagilia mchicha," alisema. Dodoki lake lilikuwa kipande cha wavu wa gunia la vitunguu. Na sufuria za jiko la mkaa hazikuguswa na sabuni kwa nje, zilisuguliwa kwa majivu. Mambo matatu ya kutosha kupangia bidhaa, na hakuna hata moja ambalo angenitajia kama ningemuuliza "unataka sabuni ya namna gani?"

Hatua ya 3: Uliza ya jana, usiulize ya kesho

Sisi ni watu wa heshima, na heshima yetu ina gharama kwa anayetafiti. Ukimpa mtu chupa yako, ukamtazama usoni, ukamuuliza, "Utanunua?" atajibu, "Nzuri sana, Mungu akipenda nitanunua." Hajakudanganya. Hataki tu kukuvunja moyo. Niliyakusanya majibu ya namna hiyo zaidi ya thelathini kabla ya pipa la pili, nikayaamini, nikanunua malighafi kwa akiba yangu yote.

Maswali yanayofaa ni ya mambo yaliyokwisha kutokea, kwa sababu yaliyotokea hayana adabu ya kukupamba. Uliza: "Jana ulitumia sabuni gani? Uliinunua wapi, saa ngapi, shilingi ngapi? Mara ya mwisho kuacha sabuni fulani ilikuwa lini, na ilikuwaje? Maji jana yalikwenda madumu mangapi?" Akisema bei ni kubwa, uliza alinunua nini badala yake. Akisema haisafishi, mwombe akuonyeshe sahani.

Nyamaza baada ya swali. Watu wetu wakipewa nafasi huanza na jibu fupi, kisha husema, "Ila sasa, mwanangu..." Hapo kwenye "ila" ndipo penye mali. Mama mmoja alisifu sabuni yangu kwa dakika nzima, nikakaa kimya, akasema, "Ila sasa mwanangu, hili povu lako linanimalizia maji." Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba povu linaweza kuwa kosa. Dukani povu ndilo linalouza. Mtu anatikisa chupa kabla ya kutoa pesa. Lakini yeye ananunua maji kwa dumu la lita 20, na sahani yenye povu jingi inataka kusuuzwa mara mbili.

Ongea na watu wangapi? Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Abbie Griffin na John Hauser, walionyesha kwamba mahojiano ya mtu mmoja mmoja na watu 20 hadi 30 huweza kuibua kiasi cha asilimia 90 ya mahitaji ya kundi moja la wateja. Kwetu sisi wadogo nashauri uanze na kumi. Uliposikia mambo mapya manne kwa mtu wa tatu na sasa kwa mtu wa kumi na mbili husikii jipya hata moja, umefika. Usiwachanganye Buguruni na Masaki, mtaa wa wenye nazo, katika hesabu hiyo. Ni makundi mawili. Na usiwaite wote pamoja kwenye kikao, kwa sababu mkubwa wao akishasema, wadogo watamuunga mkono.

Hatua ya 4: Panga maneno yao kwa uzito

Andika maneno kama walivyoyasema. Usiandike "ufanisi wa maji". Andika "linanimalizia maji". Kila kauli kwenye kipande chake cha karatasi, kisha zitandaze sakafuni, zinazofanana zikae pamoja.

Sasa zipime uzito. Noriaki Kano, mwalimu wa chuo kikuu Japani, alieleza mwaka 1984 kwamba mahitaji ya mteja hayafanani tabia, na mgawanyo wake umenisaidia sana.

Kuna mahitaji ya lazima. Hayo mteja hayataji kabisa kwa sababu anadhani yamo, na siku yakikosekana anakuacha bila kukuaga. Sabuni isiichubue mikono: hakuna hata mmoja aliyenitajia. Nililijua siku nilipozidisha soda ya kutengenezea sabuni kwenye pipa, mama mmoja akanionyesha vidole vyake vilivyotoka ngozi, na kesho yake alikuwa na sabuni ya mtu mwingine. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu vidole vile ndivyo vinavyokata pilipili na ndimu kutwa nzima.

Kuna mahitaji ya kadiri: kadiri unavyotoa zaidi ndivyo mteja anavyoridhika zaidi. Kukata mafuta kwa maji ya baridi kuko hapa. Haya ndiyo yanayotajwa sana na ndiyo ambayo washindani wako wanashindania.

Na kuna yale ambayo mteja hakutarajia, yakiwepo anafurahi na kumwambia mwenzake. Kifuniko chenye tundu dogo kilichotoka kiwandani badala ya msumari wa moto ni mojawapo. Ila ujue, furaha ya leo huwa lazima ya kesho. Wakishazoea kifuniko hicho, siku utakayoleta chupa bila tundu utaulizwa kulikoni.

Kosa ninaloliona kwa wengi, nami nimo, ni kukimbilia kundi la tatu kabla ya kumaliza la kwanza. Harufu ya limau juu ya sabuni inayounguza mikono.

Hatua ya 5: Kila neno ligeuzwe kipimo

Neno la mteja halipimiki kwenye ndoo, na kipimo chako hakina maana kwa mteja. Inabidi ujenge daraja. Wajapani walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1960, Yoji Akao akiwa mmoja wa waanzilishi, na mwaka 1972 kwenye karakana ya meli ya Mitsubishi huko Kobe likatumika jedwali lililokuja kuitwa nyumba ya ubora. Upande mmoja yanaandikwa mahitaji kwa maneno ya mteja, upande wa pili vipimo vya fundi, na katikati unaweka alama panapohusiana. Kwa meli linakuwa jedwali kubwa sana. Kwa sabuni linaenea kwenye ukurasa wa daftari la shule.

Langu lilikuwa na mistari mitano. "Linanimalizia maji" likawa: sahani kumi zisuuzwe kwa lita tatu bila kubaki utelezi. "Haikati mafuta" likawa: sahani iliyopakwa mafuta ya pilau na kuachwa nusu saa isafishike kwa maji ya baridi kwa mipapaso sita ya dodoki. "Inaisha haraka" likawa: nusu lita ioshe sahani mia moja. "Inawasha" likawa: karatasi ya kupimia uchachu, ile inayouzwa kwenye maduka ya kemikali, ionyeshe saba au karibu yake. "Maji matupu", yaani sabuni nyepesi, likawa: matone kumi kutoka kwenye kijiko yachukue sekunde fulani niliyoichagua baada ya kuwaonyesha chupa tatu wakachagua moja.

Ukishaandika hivyo utaona mahitaji yanavyogombana, na hapo ndipo upangaji wenyewe ulipo. Ili kupunguza povu nilipunguza slesi na CDE, malighafi mbili zinazoleta povu. Lakini CDE ndiyo pia inayosaidia kuipa sabuni uzito, kwa hiyo mstari wa kwanza uliponyooka, wa tano ukapinda. Chumvi huongeza uzito, wenzangu wa sabuni wanajua, ila ukivuka kiasi chake sabuni inarudi kuwa nyepesi na hairudishiki tena kirahisi. Niliharibu ndoo mbili kabla ya kukipata kiasi. Swali la kujiuliza mahitaji mawili yakigombana ni lile la hatua ya nne: lipi la lazima, lipi la kadiri? Kwa mama lishe maji yalikuwa na uzito kuliko unene wa sabuni, nikakubali sabuni iwe nyepesi kidogo kuliko ya dukani.

Pima kwa masharti ya mteja. Mimi nilikuwa najaribu sabuni nyumbani kwa sahani zilizotumika muda huohuo, na ilisafisha vizuri mno. Sahani ya mama lishe imekaa kwenye jua, wali umekauka, mafuta yameganda pembeni.

Hatua ya 6: Bei inaanzia mfukoni mwake

Tulifundishwa kujumlisha gharama, kuongeza faida, kupata bei. Geuza. Anza na kiasi anachotoa sasa na namna anavyokitoa, kisha rudi nyuma.

Namna ina uzito sawa na kiasi. Mama lishe anapata pesa kila siku na anaitumia kila siku: alfajiri mchele, mafuta na mkaa, jioni mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na akiba ya marejesho ya kikoba. Hana mahali pa kuweka pesa ya dumu la sabuni la lita tano hata kama kwa hesabu ni rahisi zaidi. TANESCO walipoleta LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, watu waliweza kununua umeme kwa pesa waliyonayo siku hiyo. Mafuta ya kula yanapimwa kidogo kidogo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, mkaa unauzwa kwa kopo. Anayedhani huo ni umaskini tu wa kusubiri uishe atashangaa bidhaa yake inakaa rafu. Ni utaratibu wa pesa ya watu, na bidhaa mpya inabidi iingie humo.

Tuseme umegundua wengi hununua sabuni ya shilingi 700 kwa wakati mmoja. Mwenye duka anataka 150 yake. Chupa na kifuniko 150. Usafiri kutoka unapotengenezea hadi dukani 50. Wewe ubaki na 100. Jumla 450, kwa hiyo kilichomo ndani ya chupa ya nusu lita kisizidi 250. Hapo sasa ndipo unaingia Kariakoo kwenye maduka ya malighafi, ukiwa unajua kikomo chako. Ikishindikana, angalia chupa kwanza kabla ya kugusa ubora: mimi nilianza kuwajazia upya kwenye chupa zao, ile 150 tukagawana.

Mwonyeshe pia hesabu ya upande wake. Tuseme dumu la maji ni shilingi 200 na sabuni yako inamwokolea dumu moja kwa siku. Chupa ikimaliza siku tatu amebakiza 600 ya maji kwenye chupa ya 700. Nilipoacha kusema "sabuni bora" nikaanza kumwambia hivyo, mazungumzo yalibadilika kabisa, na yeye ndiye aliyeanza kuwaeleza wenzake.

Hatua ya 7: Tengeneza kidogo, uza, hesabu wanaorudi

Ndoo moja, wateja kumi, wiki mbili. Usigawe bure. Cha bure kinasifiwa na kila mtu na hakikufundishi chochote; hata shilingi 200 ya majaribio inamfanya mtu aseme ukweli.

Ukweli wenyewe usiutafute kwenye chupa ya kwanza. Ya kwanza inanunuliwa kwa undugu, udadisi au huruma. Hesabu ya pili, na ya tatu. Katika kumi wangu wa mwanzo walirudi watatu. Nikabadilisha kiasi cha CDE, wakarudi sita. Wanne wasiorudi ndio niliowafuata kwa miguu, na si kwa kuwabembeleza wanunue. Nilienda kuona wanatumia nini. Mmoja alikuwa amehamia kwenye sabuni ya unga ya pakiti ndogo, kwa sababu moja tu: pakiti inaingia kwenye mfuko wa aproni.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha povu, rangi na bei wiki hiyohiyo hutajua kipi kilichomrudisha mtu.

Hatua ya 8: Karatasi na kibandiko

Usizilipie kabla bidhaa haijapata watu wanaorudi, ila zijue mapema maana zinaweza kubadilisha mpango. Jina la biashara na alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Namba ya mlipakodi inatolewa na TRA. Alama ya ubora ni kazi ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho. SIDO ipo tangu mwaka 1973 na kuwahudumia watu wa kiwango chetu ndiyo kazi yake. Unaposhughulika na kemikali, uliza pia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kuwa kuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Ukifikiria vifungashio, kumbuka kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kifungashio chochote ni vizuri kukiulizia TBS kabla ya kuagiza elfu moja.

Kibandiko kiandike kwa maneno uliyoyasikia hatua ya tatu. Changu kina mstari mmoja mkubwa: "Suuza mara moja." Sikuutunga mimi. Aliusema mama wa kibanda cha pili akimwelekeza msichana wake.

Hatua ya 9: Rudi kwenye beseni

Weka kwenye kalenda siku za kwenda kukaa tena hata kama mauzo ni mazuri. Mimi huenda mara nne kwa mwaka, na moja ya hizo lazima iwe Ramadhani, kwa sababu kazi ya mteja wangu inageuka juu chini. Mchana wengi hawapiki. Jioni wanauza futari: uji, maharage, magimbi na mihogo ya nazi, tambi. Mafuta ya pilau yanapungua, uji na tui ndivyo vinavyoganda kwenye bakuli, na vyombo vinaoshwa saa mbili usiku kwa mwanga wa balbu moja iliyovutwa kutoka kwenye duka la jirani.

Ramadhani iliyopita nilikaa na mama yuleyule wa Buguruni. Aliinua chupa mara tatu kuitazama kama imekwisha, na rangi yangu ya kijani iliyokolea haikumruhusu kuona kitu gizani. Ndoo inayofuata naitengeneza bila rangi.